Kusalimu Amri Bila Amri

Daktari Peter Mark Roget alikuwa na miaka 73 alipochapisha, mwaka 1852, kitabu kilichopanga maneno ya Kiingereza kwa maana badala ya alfabeti. Orodha yake ya mwanzo aliiandika mwaka 1805. Mtu aliyeishi na kazi moja kwa muda wote huo hawezi kuwa aliweka kitu mahali pasipo pake, na kwa hiyo naupokea kwa mikono miwili uamuzi wake kuhusu maneno ya kusalimu amri: aliyaweka katika tabaka la maneno ya hiari. Hakuyaweka penye nguvu wala penye maumivu. Aliyekabwa koo na anayechagua kati ya chai na kahawa wamepewa chumba kimoja, na daktari ameufunga mlango taratibu.

Najua wapo wanaolalamika. Mwanafunzi wa kidato cha nne analalamika kwamba akishajifunza neno moja la Kiingereza la kukubali yaishe, kesho yake analetewa jingine, na mtihani unauliza la tatu. Mhariri wa zamu ya usiku ana kilio kikubwa zaidi. Habari imeingia kutoka London: serikali imefuta ushuru baada ya wafanyakazi kugoma. Kwa Kiswahili kazi imekwisha, serikali imesalimu amri, tukalale. Lakini habari yenyewe inasema serikali imepinda. Aya inayofuata inasema imekunjika. Kisha imebomokea ndani, ikapepesa jicho, ikarusha taulo ulingoni. Mhariri anabaki akijiuliza kama ushuru umefutwa au kuna jengo limeanguka.

Mimi kero hii naipenda, na naona haijapata wa kuisifu.

Chukua neno moja dogo, "truckle". Zamani katika nyumba za Uingereza kulikuwa na kitanda kifupi chenye magurudumu. Mchana kilisukumwa uvunguni mwa kitanda cha bwana, usiku kikavutwa nje ili mtumishi apate pa kulala. Kitanda hicho kiliitwa "truckle", na kutokana nacho kikapatikana kitenzi cha mtu anayejishusha mbele ya mkubwa na kuitikia kila analoambiwa. Tazama ufundi uliotumika hapo. Kitanda cha chini kimeingia kwenye kamusi na kimekaa humo karne kadhaa. Cha juu kimeondolewa pamoja na aliyekilalia.

Ndivyo yalivyo karibu yote. Anayesalimu amri kwa Kiingereza hufanya kazi hiyo peke yake. Hubomoka kama ukuta ambao haukuguswa na mtu, hupinda kama ubao ambao hakuna aliyeukalia. Aliyembana hana kiti katika sentensi. Akitaka kuingia, itabidi aletwe na kihusishi, akae mkiani, na mhariri mwenye haraka atamkata kwanza nafasi ikibana. Ni ustaarabu wa hali ya juu. Sisi lugha yetu haijui kuficha aibu ya wakubwa. Ukisema mtu amesalimu amri, hiyo amri imebaki palepale mezani, na msikilizaji mwenye akili timamu atauliza ni ya nani. Hata methali yetu ya kumshauri mnyonge ina maneno matatu tu, mwenye nguvu mpishe, na kati ya hayo matatu tumeshamtaja mwenye nguvu. Huo ni umbeya.

Waingereza hawakuridhika na maneno waliyorithi kwa Walatini na Wafaransa. Palipopungua waliagiza nje. Mwaka 1793 Lord Macartney alifika China kumwomba mfalme Qianlong afungue milango ya biashara. Desturi ya pale ilimtaka mgeni apige magoti mara tatu, na kila mara agonge paji la uso chini mara tatu. Macartney alikataa. Alisema yuko tayari kukunja goti moja, kama anavyofanya mbele ya mfalme wake George wa Tatu, na si zaidi. Alirudi kwao na zawadi, bila biashara. Mwaka 1816 akaenda Lord Amherst, mabishano yakawa yaleyale, akarudishwa bila hata kumwona mfalme. Kwa hiyo wajumbe wawili walivuka bahari kwenda kutofanya jambo fulani, na jina la jambo hilo likaingia Kiingereza: "kowtow". Chai ya China ililipiwa kwa fedha. Neno lilipatikana bure, na tangu hapo limetumika kwa wengine, hasa mawaziri wa nchi za watu wanaosemekana kuinama mno mbele ya mabalozi.

Lakini anayetaka kuona sanaa hii ikifanywa na mabingwa, na si kwenye kamusi tu, aende Yorktown, Virginia, tarehe 19 Oktoba 1781. Jenerali Cornwallis amezingirwa na Wamarekani nchi kavu, Wafaransa wako nchi kavu na baharini, na hati ya kukabidhi jeshi imeshatiwa saini. Kilichobaki ni kutoka na upanga. Asubuhi hiyo Cornwallis akasema anaumwa. Alimtuma msaidizi wake, Charles O'Hara, ambaye alipofika alielekea kwa jenerali wa Kifaransa, Rochambeau, kwa sababu kushindwa na Mfaransa kulikuwa jambo la kawaida na lenye heshima yake. Rochambeau akamwonyesha George Washington. Washington, alipoona ameletewa naibu, akamwelekeza kwa naibu wake mwenyewe, Benjamin Lincoln. Upanga ulizunguka uwanjani kama barua ya ofisini inayotafuta mtu wa kuipokea. Na Lincoln alikuwa mtu sahihi kabisa, maana mwaka mmoja kabla, Charleston, yeye ndiye aliyejisalimisha kwa Waingereza. Mwenye uzoefu alipokelewa na mwenye uzoefu.

Hati ile haikuitwa hati ya kushindwa. Iliitwa ya "capitulation", neno la asili ya Kilatini linalohusu vichwa vidogo vya maandishi, yaani sura na vifungu. Mtu aliyefanya "capitulation", kwa shina la neno, amepanga mambo kwa vifungu. Ameandaa muhtasari wa kikao. Siwezi kuona aibu iko wapi hapo, na wakubwa wake Cornwallis hawakuiona pia: mwaka 1786 walimpeleka kuwa Gavana Mkuu wa India.

Linganisha na yaliyotokea kwetu, mahali ambapo msamiati huu haukuwa umefika vizuri.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani wa Zanzibar, Hamad bin Thuwaini, alifariki. Khalid bin Barghash akaingia kwenye kasri na kujitangaza sultani bila kuomba ruhusa ya Waingereza. Aliyetakiwa kumtoa alikuwa mwakilishi wao, Bwana Basil Cave. Jina la ukoo la bwana huyu, herufi kwa herufi, ndilo kitenzi cha Kiingereza cha kubomoka mbele ya shinikizo. Historia haina kawaida ya kumpa mwandishi zawadi ya namna hii, na mimi si mtu wa kurudisha zawadi.

Khalid aliambiwa ashushe bendera na atoke kasrini kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Alijibu kwamba hana nia ya kushusha bendera, na kwamba haamini kama watampiga mizinga. Cave akamjibu kwamba wao hawatamani kupiga, ila watapiga asipofanya anavyoambiwa. Naomba msomaji aliangalie jibu hilo kwa heshima. Anayepiga hatamani, anayepigwa amepewa nafasi ya kuchagua, na hiari ya Daktari Roget imeenea pande zote mbili za bandari. Saa tatu na dakika mbili hivi manowari za Admeri Harry Rawson zilianza kazi, na ndani ya robo tatu ya saa kila kitu kilikuwa kimekwisha. Upande wa Zanzibar watu wapatao 500 walikufa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akasafirishwa hadi Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916, akapelekwa uhamishoni Seychelles na St Helena, na akafia Mombasa mwaka 1927. Cave hakubomoka. Kilichobomoka ni kasri.

Kosa la Khalid lilikuwa la lugha. Alidhani kuna mambo mawili tu, kushusha bendera na kutoishusha. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba katikati ya hayo mawili Kiingereza kimejenga mtaa mzima wenye vyumba vya kupanga. Angeweza kuridhia, kuafiki, kulegeza msimamo, kuzingatia hali halisi, kuugua kama Cornwallis.

Baba yake alikuwa mwanafunzi bora. Tarehe 24 Mei 1887 Sultani Barghash bin Said aliiachia kampuni ya Bwana William Mackinnon usimamizi wa mwambao wake wa bara upande wa Mombasa kwa miaka 50, na karatasi ile ikaitwa "concession". Neno hili ndilo nalivulia kofia kuliko yote. Ukiachia kitu kwa sababu umebanwa, ulichofanya ni "concession". Na ile haki ambayo kampuni inapata ya kuchimba, kutoza ushuru na kutawala, nayo ni "concession". Aliyetoa na aliyepokea wametia saini neno moja, mmoja akaondoka nalo kama jeraha, mwenzake akalitundika ukutani kwenye fremu. Mwaka 1895 kampuni ilipochoka, serikali ya Uingereza iliifidia pauni 250,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka Zanzibar. Yaani aliyeachia alilipia kuachia. Kwa Kiswahili jambo hilo lingehitaji neno la sokoni, na gazeti lisingelichapa.

Kuna neno moja tu ambalo limepata ajali kazini. Hadi miaka ya 1930, "appeasement" lilikuwa neno safi, la watu wapenda amani, unaweza kulivaa kwenda kanisani. Waziri Mkuu Neville Chamberlain alilichukua hadi Munich, na tarehe 30 Septemba 1938 akatia saini pamoja na Hitler, Mussolini na Daladier kwamba sehemu ya Czechoslovakia iende Ujerumani. Wenyewe Wachekoslovakia hawakuwa kwenye kikao. Hapo sanaa ilifika kilele: watu wazima walisalimu amri kwa mali ya jirani. Machi iliyofuata Wajerumani waliingia Prague, na tangu wakati huo hakuna mwanasiasa anayelitumia neno hilo kwa matendo yake mwenyewe. Ni la kumtupia mpinzani, na hutupwa mara nyingi sana kwa neno lililoharibika.

Wamarekani wana njia zao, na wao hupenda jamaa na chakula. Mtoto wa Kimarekani akimkunja mwenzake mkono nyuma ya mgongo humwambia, sema mjomba. Aliyekunjwa akisema "mjomba", anaachiwa. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake kuhusu asili ya desturi hiyo, lakini ilifika mbali: Februari 1985 Rais Ronald Reagan aliulizwa na waandishi kuhusu serikali ya Wasandinista wa Nikaragua, akaeleza kwamba hana haja ya kuiondoa ikiwa itabadilika na kusema mjomba. Nchi nzima ilitakiwa kumwita mjomba mtu ambaye hakuwahi kuchangia hata ada ya shule. Kwetu mambo yako kinyume kabisa. Kwetu anayeitwa mjomba ndiye aliyekunjwa mkono, na akisikia tu simu imeanza na "shikamoo mjomba" anajua ni karo, ni nauli, au ni kijana anataka kuoa na mahari imepungua.

Kwenye chakula, Mwingereza aliyekubali kosa hula pai ya unyenyekevu. Asili yake ni mchezo wa sauti kati ya neno la unyenyekevu na jina la kale la matumbo ya mnyama aliyewindwa, maini, figo na kadhalika. Nakiri kwamba hapa msomaji wa Kiswahili atahitaji msaada, kwa sababu mtu aliyekaa asubuhi mbele ya bakuli la supu ya utumbo, ndimu pembeni na chapati mbili, hana sura ya mtu aliyeshindwa na yeyote. Mmarekani yeye hula kunguru. Hilo tungeliweza. Kunguru wa Kihindi waliojaa Dar es Salaam na Mombasa leo waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, miaka ileile ya Bwana Cave. Kitoweo tulishaletewa. Tulichokosa ni mapishi.

Siku hizi hata maneno haya ya zamani yanaonekana makali, na serikali za kisasa zimevumbua lililo laini kuliko yote. Serikali ya kisasa haishindwi, haipindi, haili kunguru. Inasikiliza. Septemba 2022 waziri wa fedha wa Uingereza, Kwasi Kwarteng, alitangaza punguzo kubwa la kodi, likiwemo la wenye kipato cha juu kabisa. Pauni ikaporomoka, riba zikapanda, wabunge wa chama chake mwenyewe wakaanza kunong'ona kwa sauti. Tarehe 3 Oktoba akaifuta ile nafuu ya matajiri na kueleza kwamba wameelewa na wamesikiliza. Siku kumi na moja baadaye alifukuzwa kazi, na tarehe 20 Oktoba bosi wake, Liz Truss, akatangaza kujiuzulu. Waliosikilizwa zaidi walikuwa wauza dhamana za serikali, watu ambao hawakuandamana wala kushika bango. Waliuza tu. Lakini ukisoma tamko lenyewe hutawaona popote, na huo ndio utamu wa kusikiliza: ni kitenzi cha masikio, na masikio ni ya msikilizaji.

Nairobi ilikuwa tofauti kwa jambo moja, kwamba waliobana walionekana na dunia nzima. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge. Polisi walipiga risasi na watu walikufa. Kesho yake Rais William Ruto alihutubia taifa kwa Kiingereza, akasema amewasikiliza Wakenya, na akatumia neno "concede". Mswada hatausaini.

Mtu wa dawati la Kiswahili alikuwa na dakika chache za kuchagua. Amekubali? Neno dogo mno kwa wiki ile, mtu hukubali hata kikombe cha pili cha chai. Amelegeza msimamo? Hilo ni la vikao vya mishahara. Ameachia? Ameachia nini, na aliyedaka ni nani? Lililokaa vizuri kuliko yote lilikuwa amesalimu amri, lakini hilo lina gharama yake, kwa sababu likishaandikwa amri inatafuta mwenyewe, na mwenyewe ilibidi awe kijana wa miaka 22 mwenye simu, chupa ya maji na bendera mgongoni. Kiingereza kiliuvuka mto huo bila kulowa. Rais "alikonsidi", nukta.

Na kwa kuwa hakuna aliyetajwa kuwa amepokea kile kilichoachiwa, hakukuwa na wa kuombwa ruhusa kilipohitajika tena. Tarehe 11 Desemba mwaka huohuo Rais alitia saini sheria ya marekebisho ya kodi iliyorudisha baadhi ya mapendekezo ya mswada ule. Ilianza kutumika tarehe 27, siku mbili baada ya Krismasi, wakati Nairobi imebaki tupu na watu wako ushago kwa wajomba.